Shangazi, ni utoto mtu mzima kutaka akumbukwe siku aliyozaliwa?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mhasibu katika ofisi ndogo hapa Morogoro. Kwetu ni Rombo. Mwishoni mwa mwezi wa nane natimiza miaka 40, na jambo ninalokuandikia nimeshindwa kumwambia hata rafiki yangu wa karibu, kwa sababu kila nikijaribu kulitamka nalisikia linafanana na malalamiko ya mtoto wa chekechea.

Ofisini mimi ndiye mshika orodha ya bethdei. Hakuna aliyenituma. Nilianza mwenyewe miaka ya nyuma, baada ya kuona dereva wetu anastaafu bila kupewa hata soda. Mwezi wenye bethdei nakusanya shilingi 5,000 kwa kila mtu, naagiza keki ya kilo mbili kwa dada mmoja anayeoka nyumbani kwake Kihonda, nanunua vinywaji. Siku ikifika tunaimba, mwenye siku anakata keki na kulisha wenzake, halafu vijana wanamvizia uani na ndoo ya maji. Mlinzi na mama wa usafi nao wamo kwenye orodha, sijamsahau mtu. Ila jina langu halimo. Niliona haya kujiandika, kisha nipite meza kwa meza nikiwadai watu hela ya keki yangu mwenyewe. Nilitegemea iko siku mtu atauliza, "Mama Neema, na wewe je?" Mpaka leo.

Mwaka jana nilifanya jambo ambalo sasa naliona la ajabu. Niliificha tarehe yangu Facebook, nikanyamaza kabisa nyumbani na kazini, nione ni nani atakumbuka bila kukumbushwa na simu. Asubuhi nikavaa gauni jipya. Ujumbe wa kwanza uliingia saa mbili, wa benki. Wa pili ukatoka kampuni ya simu, pamoja na MB za bure. Mchana nikafungua WhatsApp, nikakuta mume wangu ameweka stetasi ya heri ya kuzaliwa: picha ya mkuu wake wa shule kavaa suti, aya nzima ya kumsifu, Mungu akuzidishie umri mkuu wetu, na vikeki vitatu mwishoni. Kumbe mimi na mkuu wake tumezaliwa tarehe moja! Jioni mume akarudi na samaki, akauliza mbona nimenuna. Nikamjibu kichwa kinaniuma.

Nilipokuja kumwambia baadaye alishtuka kweli, akaomba msamaha, lakini akamalizia, "Si ni mambo ya watoto haya?" Yeye ni Msukuma wa Maswa, na vyeti vyake vyote vinasema 1 Julai. Husimulia mwenyewe kwamba baba yake alipompeleka kuandikishwa shule aliulizwa mtoto kazaliwa lini, akajibu "wakati wa palizi ya pamba", na mwalimu akaandika alichoandika. Hajawahi kuona tatizo. Sitaki umfikirie vibaya, Shangazi. Ni baba mzuri, hana siri ya fedha, na mama yangu alipougua yeye ndiye aliyekuwa akisafiri naye kwenda hospitali Moshi kila alipopangiwa. (Mama alifariki Novemba mwaka juzi. Alikuwa na kawaida ya kunipigia kila mwaka siku hiyo, alfajiri, kabla hajaenda kukata majani ya ng'ombe: "Saa hizi ndiyo ulikuwa unanitesa, baridi kali, ukungu umejaa, mama yako mdogo ameshika kandili inazimika kila dakika." Kisha anakata simu, vocha isiishe.)

Sasa mwaka huu mambo yamegeuka. Wenzangu wa kikoba wamegundua kuwa nafikisha 40, wakaamua lazima kuwe na sherehe ukumbini. Sare ya kitenge, MC, ndafu, kadi ya mtu mmoja 50,000 na ya wawili 80,000. Mwenzetu mmoja alifanyiwa hivyo nikachangia 100,000, na wanasema huu ndio wakati wangu wa kurudishiwa. Wamefungua kundi la WhatsApp, wamewaingiza kaka zangu na hata walimu wanaofundisha na mume wangu. Yeye yumo humo, anasoma, hasemi kitu. Na mimi nikijiona mbele ya watu mia, baluni za 4 na 0 nyuma yangu, MC akinitaka niingie nikicheza, tumbo linanikata. Nyumba yetu imesimama kwenye linta tangu mwaka wa corona. Shahada yangu ya masomo ya jioni niliiachia njiani. Nitakuwa nashangilia nini? Tena kwenye jumuiya mama mmoja ameshanitupia neno kwamba katika Biblia waliosherehekea kuzaliwa kwao ni Farao na Herode tu.

Lakini nikikataa, naogopa Agosti itakuja kama ile ya mwaka jana, mimi na benki.

Niambie, Shangazi. Ni utoto? Nikubali ukumbi au niache? Na mume nimwambieje bila kuonekana namwomba anipende?

Mama Neema (si jina langu), Morogoro


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama.

Sijakucheka, isipokuwa pale benki ilipowatangulia watu wote, na hapo nadhani hata wewe ulitabasamu ulipokuwa unaandika. Utoto siuoni. Mtoto akitaka keki husema anataka keki, akinyimwa hulia, yamekwisha. Ni mtu mzima anayeweza kutaka kukumbukwa, akaficha kwamba anataka, akaificha na tarehe yenyewe, kisha akaumia kwamba hakukumbukwa. Tena huko peke yako. Wanaume huniandikia kwamba siku hiyo wanazima simu, kwa kuwa kila "hongera kaka" inawarudisha kwenye kiwanja ambacho hakijachimbwa hata msingi. Wako wanawake wanaojinunulia maua, wakayapeleka ofisini wenyewe na kusema yametoka kwa mtu. Wako wanaoichukia siku hiyo kwa sababu pacha waliyezaliwa naye hayupo. Na wako, nao si wachache, ambao hawahisi chochote, wanakula wali wao kama jana, na sioni kwa nini tuwasumbue.

Umri wenyewe nao una mambo yake. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Adam Alter na Hal Hershfield, walichapisha utafiti kuhusu watu wenye miaka 29, 39, 49, yaani wale waliobakiza mwaka mmoja kuingia kumi jipya. Waliwaona wakijiuliza kuliko wengine kama maisha yao yana maana, baadhi yao wakaingia mbio za marathoni kwa mara ya kwanza, baadhi wakatafuta hawara. Wapo wataalamu waliozitilia shaka hesabu zao, nami sikupi kama sheria. Nimelitaja kwa sababu una miaka 39, na katika barua iliyoanza na keki umenipa orodha ya mambo ambayo hayajakamilika maishani mwako. Linta haina bethdei, mwanangu. Ilikuwapo ulipokuwa na miaka 38, na pengine mtapaua ukiwa na 43. Usiipe kiti meza kuu siku yako.

Sasa mume. Anaposema ni mambo ya watoto, nusu ya kauli yake naielewa.

Wazee wetu hawakupuuza kuzaliwa hata kidogo. Mluo akimwita mwanawe Otieno ametangaza kwa maisha yote kwamba alizaliwa usiku. Mkamba akisema Wambua anataja mvua. Huku kwetu kina Juma na Hamisi wanatembea na siku zao mdomoni mwa kila mtu. Kuna watu waliokutangulia kidogo tu kwa umri ambao mama zao hawana tarehe, lakini watakuambia "mwaka aliokufa Sokoine", na hapo unajua ni 1984 bila kuuliza cheti. Kitu ambacho hakikuwapo ni siku ile ile kurudi kila mwaka na kubisha hodi. Na aliyeshughulikiwa zaidi alikuwa mzazi: kwenu Kilimanjaro ndiye anayechinjiwa, anayepikiwa mtori asubuhi na jioni, anayekatazwa kuinua hata ndoo. Mtoto alikuwa amelala.

Tarehe ya kurudi ililetwa na cheti, shule na kanisa. Hata kanisani haikuja moja kwa moja kwa sura ya bethdei. Kwenu Rombo Wakatoliki wa zamani walijua zaidi sikukuu ya somo, siku ya mtakatifu ambaye umebatizwa kwa jina lake, na mpaka leo masista na mapadre wengi utawasikia wakipongezwa siku ya somo wao kwa nyimbo na chakula huku bethdei yao ikipita kimya kimya. Nayataja haya ili ujue kwamba mumeo hajabuni kisingizio. Kwake tarehe ni kitu cha kujazia fomu. Palizi ya pamba kule Maswa ni kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo ile 1 Julai imekosea kama nusu mwaka. Mtu aliyesoma, akaajiriwa, akaoa, yote hayo kwa tarehe ambayo si yake, na asidhurike popote, atapata wapi wazo kwamba tarehe inaweza kumliza mtu?

Na ile stetasi ya mkuu wa shule isikuchome. Ile ni salamu ya kazini. Mwalimu mmoja akiweka wote wanaweka, na asiyeweka ndiye anayeonekana. Baba Neema hakuikumbuka tarehe ya mkuu wake, aliiona kwa mwenzake akafuata. Ungeangalia siku ile ungekuta aya ile ile, na pengine vikeki vile vile vitatu, kwa nusu ya walimu wa shule nzima.

Nusu ya pili siikubali. Kama jambo ni la watoto kwake, kwa mke wake limeshaonekana kuwa si la watoto, na ameshaambiwa. Mwaka jana hakujua. Mwaka huu akisahau itakuwa habari nyingine, na barua ya pili nitamwandikia yeye.

Umeniuliza umwambieje. Mwambie mapema, siku ya kawaida, mkiwa mnakula au mnatoka kanisani, na si siku yenyewe ukiwa umevimba. Usimwambie "ungekuwa unanipenda ungekumbuka", maana hapo unamweka kizimbani, na mtu wa kizimbani hujitetea. Mwambie hivi: "Baba Neema, tarehe fulani ni siku yangu. Naomba uwe mtu wa kwanza kunipongeza, unitangulie na benki. Jioni tule pamoja sote wanne, usiwe na kikao." Imekwisha. Huombi kupendwa. Kwamba unapendwa umeniandikia mwenyewe, habari za safari za Moshi. Unaomba jambo dogo lenye siku na saa, ambalo mtu mwenye saa ya mkononi anaweza kulitekeleza. Na usije ukawa mmoja wa wale wanaosema "nikimwambia halina tena utamu." Mwenye njaa akipakuliwa baada ya kuomba, wali haupungui chumvi.

Mkishapatana, mwulize kama naye angependa kuwa na siku. Mchagueni moja katikati ya palizi, mwezi wa kwanza hivi, iwe ya ndani ya nyumba, serikali iendelee na Julai yake. Akicheka akikataa, mwache.

Nimeliacha jambo moja makusudi, kwa kuwa wewe mwenyewe uliliweka kwenye mabano.

Mama alifariki Novemba mwaka juzi. Agosti ya mwaka jana ilikuwa ya kwanza ambayo simu ya alfajiri haikuita. Na Agosti hiyo hiyo ndiyo uliyoamua kuificha tarehe yako na kuwapima watu. Miaka yote ya nyuma jina lako halikuwamo kwenye orodha ya ofisi, mumeo hakuwa na habari na tarehe, kikoba kilikuwa kimya, na hukuandika barua kwa mtu yeyote. Hukuwa na haja. Alikuwapo mtu mmoja duniani ambaye alikuwa macho usiku ule, uchungu ukimkata, baridi, kandili inazimika, naye alikupigia kabla ya jua ili asitangulie mwingine. Wewe ulikuwapo lakini hukumbuki kitu. Kuzaliwa kwetu sote tumesimuliwa. Nadhani mwaka jana ulivaa lile gauni ukimsubiri mtu wa kukuambia "nilikuwapo", na hilo mumeo hawezi kukupa hata akiweka stetasi kumi. Ofisi haiwezi. Watu mia ukumbini hawawezi, tena mbele yao ndipo pengo litakapoonekana kubwa zaidi, na MC anakuambia cheka.

Lakini umenitajia aliyeshika kandili.

Kama mama yako mdogo yu hai, mpigie. Mpigie siku yenyewe, alfajiri, saa ile aliyokuwa akipiga mama, na usimwambie unataka kupongezwa. Mwombe akusimulie usiku ule. Mlikwendaje hospitali au nani aliitwa kuja nyumbani, mafuta ya taa yalitoka wapi, mama alisema nini aliposikia ni mtoto wa kike. Utasikia mambo ambayo mama hakukuambia kwa sababu mwenye uchungu haoni yote, na kwa sababu mama alikuwa anabana vocha. Wewe ndiye mpigaji safari hii, kwa hiyo weka salio la kutosha. Ukiweza mrekodi, Neema naye atataka kuyasikia siku moja. Halafu fikiria upande wake: naye amefiwa na dada, na sidhani kama kuna mtu amemwuliza habari za dada yake tofauti na ugonjwa na mazishi.

Kama naye ametangulia mbele za haki, tafuta yeyote mwingine wa siku zile, jirani, mjomba, mkunga mstaafu. Vijijini kwetu hakosekani mtu anayekumbuka alikuwa wapi usiku fulani alipozaliwa fulani.

Na chakula cha jioni, ukiniuliza mimi, pika mtori. Korea mtu huanza siku yake ya kuzaliwa kwa supu ya mwani, supu ile ile anayopewa mwanamke aliyetoka kujifungua, ili mtoto ale alichokula mama yake siku ile. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza kwa nini sisi wenye mtori tunahangaika na krimu. Ndizi utazipata hapo sokoni Morogoro, nyama ya mfupa unayo bucha. Watoto wako waulize kwa nini leo mtori, uwaeleze. Keki nayo ikiwapo haina ubaya, watoto watakudai mishumaa.

Mama wa jumuiya hajakosea kusoma. Farao siku yake ya kuzaliwa alimtundika mwokaji mikate, Herode akatoa kichwa cha Yohana kwenye sahani, na Mashahidi wa Yehova kwa hoja za namna hiyo hawaigusi bethdei kabisa. Hiyo ni imani yao na naiheshimu. Lakini yeye ni Mkatoliki, na kanisa lake linaadhimisha kuzaliwa mara tatu kwa mwaka: Bwana tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na tarehe 24 Juni huyo huyo Yohana aliyekatwa kichwa. Mwulize kwa upole kama Juni hakwenda misa. (Wasomaji wangu Waislamu, ambao kila Mfungo Sita wananiletea ubishi wa maulidi, wanaijua hadithi ya Mtume kuulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu akajibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa. Kama hilo linafika mpaka kwenye keki au linaishia kwenye saumu, nawaachia masheikh.)

Ofisini hakuna kesi. Hiyo orodha ndiyo kumbukumbu ya wenzako wote, na wewe mwenyewe uliye na kalamu ulijifuta. Kesho andika jina lako mwezi wa nane, kwa mwandiko ule ule, na mwezi huo fedha akusanye mtu mwingine. Wala usijieleze. Watakaosema "kumbe na wewe!" watakuwa wengi, na siku ikifika usivae viatu vya ngozi, maana vijana wana deni la ndoo ya miaka mingi.

Kikoba ndipo kwenye kazi.

Sina ugomvi na michango. Harusi tunachangiana na msiba tunachangiana kwa sababu mtu mmoja hawezi peke yake. Kutimiza miaka 40 unaweza peke yako, hata ukilala. Anayependa ukumbi, kucheza, picha na baluni, na afanye, wala simwiti mshamba. Wako wanawake ambao harusi zao zilikuwa za haraka haraka, au hazikuwapo, na hii ndiyo mara yao ya kwanza kuvaa gauni refu na kuitwa mbele. Nawaelewa kabisa. Lakini sherehe hiyo mwenye siku ailipie. Kumwandikia mwalimu mwenzake mume wangu kadi ya 50,000 kwa sababu mimi nimezeeka mwaka mmoja, hapo mimi simo. Na hiyo hesabu ya kurudishiwa wewe mhasibu unaiweza kuliko mimi. Ulitoa 100,000. Wakichanga watu mia, umejitwisha arobaini zao, hamsini zao, na bethdei za watoto wao. Ukumbi, MC, mpiga picha na mpambaji wataondoka na fedha usiku ule ule, na wewe utabaki na daftari.

Tena barua yako yote haina sentensi moja inayosema "natamani". Una wanachosema wao: lazima, zamu yako, 40 haiji mara mbili. Hata 37 haikuja mara mbili, na hawakukodi ukumbi.

Ninachoogopa ni ukatae kwa namna ambayo itakurudisha kwenye ile Agosti ya kimya. Kwa hiyo usiwanyime wanawake hawa siku; wanyime ukumbi. Hawa ni watu wanaokupenda kwa njia wanayoijua. Waambie mkutano wa kikoba wa mwezi huo ufanyike kwako, waje na nguo walizonazo, kutakuwa na mtori na soda, hakuna kadi. Wenye kutaka kucheza wacheze sebuleni. Waliokwisha kuchanga warudishiwe, na kwa kuwa fedha ni eneo lako, simamia mwenyewe mpaka wa mwisho apate ujumbe wa muamala. Ile 100,000 yako iache ikae huko iliko. Atakapofika Neema kipaimara, au mtakapopaua, utaona nani anakumbuka.

Yule mwenzenu aliyefanyiwa sherehe mwone kwanza yeye, ana kwa ana, kabla ya wengine. Ukikataa hadharani bila kumwambia atadhani unaidharau sherehe yake, na huyo ndiye atakayekuwa na la kusema. Mumeo pia mjulishe kabla hujaandika, ametulia humo kundini akisoma na nadhani anakusubiri wewe. Kisha andika sentensi mbili: ahsanteni, na nimeamua tufanyie nyumbani. Usitoe sababu. Ukitoa sababu ya fedha watakuambia watachanga, ukitoa ya mume watamfuata, ukitoa ya mama watakuambia mama angependa uvae gauni refu.

Haya yote yafanye wiki hii. Wakishalipa malipo ya awali ya ukumbi na kitenge kikishafika kwa fundi, hakuna atakayekusikiliza, na hela ya ukumbi watakuja kukudai wewe.